Shoga Yake Siham

Sehemu ya Tisa

Mliobishana wiki nzima kuhusu ile kandambili, tulieni. Haikuruka.

Tulimwacha Siham amesimama mbele ya televisheni, sebuleni kwao Barking, kamziba mama yake asione tamthilia, akasema, "Mama, leo sitafsiri. Leo nasema yangu." Bi Mardhiya akainama kuokota kandambili. Hapo ndipo nafasi yangu gazetini ilipokwisha, nanyi mkanitukana mlivyojaliwa. Msomaji wa Tanga aliapa kwamba Siham atapigwa ya shavu. Wa Mombasa akasema ya mgongo, tena mbili.

Bi Mardhiya aliivaa tu. Akaenda jikoni kutazama mkate wa kumimina.

"Sema, nakusikia," akaita kutoka huko. "Lakini ondoka hapo mbele. Kipilipili karibu atalia, na mimi nataka nilie naye."

Wewe uliyetudandia leo, sogea nikupe habari kabla hatujaondoka.

Bi Mardhiya ni mtu wa Wete, Pemba, na London ameizeekea. Kiingereza cha hospitali anakijua. Cha sokoni anakijua. Cha kumgombeza dereva wa basi ndiyo usiseme. Cha tamthilia kinamshinda, anasema wale watu wanameza maneno kama vidonge. Basi kila Jumapili baada ya laasiri, binti yake Siham hutoka Tottenham anakokaa, huja kukaa miguuni pake na kumtafsiria tamthilia moja ya wasichana wawili. Mmoja ana nywele kichaka, Bi Mardhiya akamwita Kipilipili. Wa pili haji popote bila baiskeli, akamwita Bi Baiskeli.

Hao wasichana wanapendana. Si kupendana kwa kusukana nywele. Wanapendana hasa, na tamthilia nzima ni hiyo.

Ila siku ya kwanza kabisa, Kipilipili alipomtambulisha mwenzake na kusema *girlfriend*, Siham aliingiwa na baridi, akatafsiri, "Anasema huyu ni shoga yake."

Sasa, bara na mitandaoni neno hilo lina maana mnayoijua, na wengine wenu mnalitumia kwa matusi, msijifiche. Kwa Bi Mardhiya shoga ni shoga tu: mwanamke mwenzio, wa kuazimana kanga na kutunziana siri. Anao mashoga zake tangu chuo cha Kurani. Akaridhika, akanywa chai.

Mtauliza, na mabusu je, hakuyaona? Hakuyaona. Bi Mardhiya ana adabu zake za kutazama televisheni. Muziki ukianza kulegea tu, anajifunika mtandio usoni na kuuliza, "Wamemaliza?" Siham humjibu, "Bado." Halafu, "Wamemaliza." Mtandio hushuka. Miezi yote hiyo mama wa watu akiamini kuna mwanaume fulani huingia, hubusu, hutoka, na kamera ina haya ya kumwonyesha.

Na Siham naye anaye Bi Baiskeli wake. Anaitwa Gakii, Mkenya, Mmeru, nesi, wanaishi pamoja kule Tottenham. Bi Mardhiya anamjua vizuri na anampenda, lakini anamjua kwa jina lililoandikwa kwenye beji yake ya kazini: Jane. Jane, shoga yake Siham.

Jane amechoka. Jumamosi aliweka chini kikombe akasema, "Kesho nikikuja kwenu, nitaingia kama nani? Kama bado ni shoga, nitageuka hapo mlangoni, na sitarudi tena. Si kwa mama yako, si kwako."

Na sasa ameshatoka Tottenham. Yuko njiani. Twende.

Bi Mardhiya alirudi na kisahani, akakaa.

"Haya. Lako lipi?"

"Mama, nina mtu."

Bi Mardhiya alichukua rimoti akapunguza sauti. Huyu ni mama ambaye siku kengele ya moto ya jengo ilipolia aliongeza sauti.

"Mtu?"

"Nampenda."

"Naye?"

"Ananipenda. Tena sana."

Hapa naomba tusimame kidogo tukilaumu Kiswahili. Siham alikuwa amefanya mazoezi bafuni, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hufiki mbali bila kusema mtu wako ni *he* au ni *she*, ukweli unachomoka wenyewe hata ukiufungia mlango. Kiswahili? Ananipenda. Ni mzuri. Anakuja leo. Unaweza kuposwa, kuolewa na kuachika kwa hiyo a- moja, na bado watu wasijue mwenzio ana ndevu au hana.

"Anafanya kazi gani?" Bi Mardhiya akauliza.

"Nesi."

"Nesi. Si vibaya. Siku hizi wanaume manesi tele, na mikono yao laini kuliko hawa wa kike. Jina?"

"Mama, subiri..."

"Jina lake nauliza. Au hana?"

"Gakii."

Bi Mardhiya alilizungusha jina mdomoni kama kokwa ya tende. "Gaki. Ndiyo wa wapi hao?"

"Kenya. Mmeru."

"Mkristo."

"Ndiyo."

Kipilipili kwenye televisheni alikuwa amekaa mezani na wazazi wake, mdomo unachezacheza bila sauti.

"Basi atasilimu," akasema Bi Mardhiya. "Si wa kwanza. Umri wako huu, Siham, angekuja hata fundi mabomba ningemwambia kaa kitako."

"Mama, si hivyo. Gakii si mwanaume."

"Eh, ndivyo mnavyosema nyote. Mwanaume gani ukimtazama vizuri ni mwanaume? Marehemu baba yako alikuwa akiona panya anapanda juu ya kabati. Nimeishi naye."

"Mama, nisikilize."

Lakini Bi Mardhiya alikwisha shika simu. Dole gumba limebonyeza pale pa kurekodi sauti, kwenye group la ukoo, lenye watu kutoka Wete mpaka Muscat mpaka Toronto.

"Assalamu alaykum nyote. Siham kapata mchumba. Mkenya, nesi, jina lake Gaki, mtoto wa watu. Muombeeni dua." Akaachia. Ikaenda.

Siham alikaa chini kwenye zulia.

Simu ikaanza. Mashaallah kutoka Muscat. Mashaallah na maua kutoka Toronto. Shangazi mmoja wa Wete akatuma kigelegele kizima. Ami yake, Harith, aliyeko Harrow, mtu wa maneno machache, akaandika: "Atasilimu lini?"

Siham akavuta pumzi. Njia ya mbele imezibwa, akajaribu ya nyuma.

"Mama. Mimi ni shoga."

Wasomaji wa bara, najua mmeshika vichwa. Bi Mardhiya hakushika kitu.

"Shoga wa nani?"

"Mimi. Mimi ni shoga."

"Nimekusikia. Shoga wa nani? Mtu hawi shoga peke yake, huwa shoga wa mtu. Wa Jane? Najua wewe ni shoga wa Jane. Lugha gani hiyo mwanangu, ndiyo mnavyosema huko Tottenham?"

Siham alifunika uso kwa mikono yote miwili. Mtaniuliza: kwa nini asiseme tu "mwanamke", yakaisha? Neno lilikuwepo. Lilikuwa limefika kwenye meno. Alilifungulia mdomo kabisa, na ndipo Bi Mardhiya aliponyoosha mkono. "Shh. Tazama. Kipilipili."

Sauti ikapandishwa. Mezani kule kwenye televisheni, Kipilipili kasema. Baba yake katazama sahani. Mama yake kasimama, kaenda mlangoni, kaufungua na kuonyesha nje.

"Anamwambia nini?"

Siham akatafsiri kwa mazoea. "Anamwambia achague. Yule, au nyumba hii."

"Yule nani? Bi Baiskeli?"

"Ndiyo."

Machozi ya Bi Mardhiya hayana foleni. Yalishuka. "Mama gani huyu? Umfukuze mtoto wa tumbo lako kwa sababu ya shoga yake? Amekosa nini? Mimi, wallahi, wangu simfukuzi. Aje na shoga, aje na mashoga kumi, hapa ni kwao."

Mnaona? Sentensi ambayo Siham aliiota usiku na mchana, hiyo hapo, nzima nzima, kwa mdomo wa mama mwenyewe, na haikuwa yake. Ilikuwa ya neno alilolikosea kwa makusudi.

Simu yake ikatetemeka. Gakii: "Nimeshuka Barking. Umesema?"

Siham alitazama ule ujumbe. Akamtazama mama anayefuta pua. Akaandika: "Nimesema. Amesema hanifukuzi."

Kila neno la kweli. Pamoja ni uongo mtupu. Akatuma.

Msinitazame mimi. Siham ni mtu mzima.

Kengele ililia kabla mkate haujapoa. Gakii aliingia na mfuko wa machungwa, uso umefunguka kama dirisha, akamkumbatia Bi Mardhiya pale pale mlangoni kabla hata ya salamu.

"Mama, asante. Sikujua utaichukua hivyo. Mungu akubariki."

"Nimechukua nini tena?" Bi Mardhiya akacheka, akampigapiga mgongo. "Karibu, Jane mwanangu. Umekuja wakati wake hasa. Vua viatu, njoo unikatie mkate. Mwenzio ana posa leo."

"Ana nini?"

"Posa. Kuna bwana anakuja. Nesi kama wewe, tena Mkenya mwenzio. Anaitwa Gaki. Unamjua?"

Gakii alikuwa amevua kiatu kimoja. Alibaki hivyo, mguu mmoja na soksi, akimtazama Siham juu ya bega la Bi Mardhiya. Siham alitazama zulia. Zulia lile halijawahi kutazamwa vile.

"Namjua, Mama," Gakii akasema taratibu.

"Alhamdulillahi. Mtu gani?"

"Ni mtu mvumilivu sana. Lakini leo, sijui, nafikiri uvumilivu umemwishia."

"Kwao?"

"Watu wa shamba la chai na kanisa. Hawana kelele."

"Siham anampenda kweli?"

"Anasema anampenda. Shida ni anamwonea aibu."

Bi Mardhiya akageuka. "Siham. Unamwonea haya mtoto wa watu? Kwa sababu ya unesi?"

"Mama..."

"Na atafika saa ngapi huyu, Jane? Maana ukoo mzima unaniuliza."

"Ameshafika, Mama."

Bi Mardhiya alijiweka sawa mtandio, akapita, akafungua mlango, akachungulia kushoto na kulia. Akarudi na uso wa wasiwasi.

"Si yule mzee anayetoa mapipa ya taka?"

Hakuna aliyecheka. Ningekuwapo ningecheka mimi, ningefukuzwa.

Gakii akainama kuvaa kile kiatu. "Nilikuuliza nitaingia kama nani," akamwambia Siham. "Sasa nimejua. Mama, baki salama. Machungwa hayo ni yako."

Ndipo Siham alipoinuka. Alimfuata, akamshika mkono, na hakuuachia. Bi Mardhiya akaitazama ile mikono miwili.

"Shoga yako nimeshamwona," akasema. "Gaki yuko wapi?"

Sijui kama mmewahi kuchoka na lugha yenu wenyewe. Siham alichoka. Alimvuta Gakii mpaka sebuleni, akachukua rimoti, akairudisha tamthilia nyuma, nyuma tena, mpaka mahali alipokuwa akipajua kwa moyo. Daraja, mvua, baiskeli imeegemezwa ukutani.

"Mama, kaa. Kila Jumapili nilikuwa nakutafsiria uongo. Si wote. Neno moja."

"Neno gani?"

"Tazama. Usijifunike."

Muziki ukaanza kulegea. Mkono wa Bi Mardhiya ukaenda kwenye mtandio wenyewe, bila kutumwa. Siham akaushika, polepole, kama anavyoushika akiwa anamsaidia kushuka ngazi.

Bi Mardhiya akatazama. Akamsubiri yule mwanaume aingie. Hakuingia. Kulikuwa na Kipilipili, na Bi Baiskeli, na mvua, na halikuwa busu fupi.

"Wamemaliza," Siham akasema.

Simu ya Bi Mardhiya iliingiza mashaallah nyingine kutoka Toronto. Aliigeuza kifudifudi.

"Na huyo Gaki," akaanza.

"Ndiye huyu, Mama. Jane Gakii. Ni mwanamke. Nampenda. Si shoga yangu, Mama. Ni mtu wangu."

Limetoka. Mlionipigia kelele tangu sehemu ya pili, limetoka.

Halikufanya kishindo. Bi Mardhiya hakulia, na huyu ni mtu anayelia tangazo la sabuni. Alikaa, mikono magotini, akitazama televisheni ambayo sasa ilikuwa inatangaza magari. Siham alingoja. Angepigwa angejua. Angekumbatiwa angejua. Huu ukimya hakuwa na pa kuushikia.

"Mama, sema kitu basi. Hata kibaya."

Bi Mardhiya hakumtazama. Alimtazama mgeni.

"Jane."

"Naam, Mama."

"Mama yako anajua?"

"Anajua," Siham akadakia. "Alimwambia Krismasi, alipokwenda Meru. Walilia, wakaomba, wakamaliza. Ndiyo maana alikuwa ananiambia na mimi niseme. Gakii, mwambie."

Gakii hakumwambia. Alikuwa akitazama kiatu chake, kile alichovua na kuvaa tena.

"Gakii."

"Hajui," akasema.

Siham alidhani amesikia vibaya. Angefurahi kusikia vibaya. Miezi mingapi ya ugomvi, na kila ugomvi Gakii akiwa juu: mimi nimesema kwetu, wewe unaogopa nini? Mimi nimekaa na mama yangu uso kwa uso, wewe je?

"Uliniapia."

"Nilijaribu. Nilikaa naye jikoni wiki mbili nikijaribu. Nikarudi, ukaniuliza, nikaona nikisema hapana, wewe hutasema milele. Nilifikiri ukijua mmoja wetu ameweza..."

"Kwa hiyo," Bi Mardhiya akasema, polepole, "mwanangu umemsimamisha juani. Wewe umekaa kivulini unamwambia hakuna joto."



"Mpigie."

"Mama?"

"Mama yako. Mpigie sasa hivi, hapa. Kwa Kiswahili, nisikie. Mimi nimesikia la mwanangu, na yeye asikie la mwanawe. Ukishamwambia wako, na mimi nitamjibu wangu. Kabla ya hapo hampati neno kwangu, si la heri si la shari."

"Mama, huwezi kumlazimisha," Siham akasema, na hapo hapo akajua kwamba jibu lake yeye, jibu la maisha yake yote, limekwisha ondoka mikononi mwake na sasa liko kwenye simu ya mtu aliyemdanganya. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumtoa Gakii nje. Alitaka Gakii apige.

Gakii akatoa simu. Akaiweka mezani kwa spika, kando ya mkate.

Ikalia. Ikalia tena. Siham bado ameushika mkono wa Gakii, na hakujua kama anamtia nguvu au anamzuia asikimbie.

"Haloo? Gakii?"

"Mama. Habari yako. Nina jambo nataka kukwambia."

"Leo umeamka Mswahili?" Mama akacheka kule Meru, na nyuma yake palisikika viti vikiburutwa, vikombe, sauti za watu wengi. "Haya, Kiswahili na iwe. Nilikuwa karibu kukupigia, ngoja kwanza nikwambie langu. Hapa nyumbani kumejaa. Watu wa kina Fanuel wamefika. Wamekuja na mbuzi."

Gakii akaiinamia simu.

"Mama, watu wa Fanuel wanataka nini?"

"Wewe ndio wa kuuliza? Wanasema wewe na Fanuel mlielewana. Krismasi."

Mkono wa Siham ukaachia.

"Fanuel ni nani?" akauliza. Gakii akatikisa kichwa, mtikiso ambao ungeweza kuwa na maana yoyote. Bi Mardhiya alikwisha elewa. Wageni na mbuzi maana yake posa, na hilo halikuhitaji mkalimani.

"Mama, ngoja," Gakii akasema haraka. "Usiseme zaidi. Nimekuweka kwa spika, kuna watu hapa."

"Hakuna shida, mwanangu. Hata mimi nimekuweka kwa spika. Salimia wageni."

Kule Meru viti vikatulia. Mzee mmoja akakohoa akisubiri salamu.

Bi Mardhiya akaisogeza simu mpaka karibu na mdomo wa Gakii.

"Sema," akamwambia.